Kati ya Sita, Viza ni Moja

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa zamani, na unatazamana uso kwa uso na geti la yadi ya malori. Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo hapa mimi ndiye serikali: anayeniudhi anapata kikombe cha nusu. Yupo Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alikuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini na mmoja, akabeba barua nyingi mpaka akaanza kuamini kwamba ameziandika yeye. Yupo Mkasi, kinyozi wa jirani, ambaye siku hiyo umeme ulimkatikia tangu asubuhi, kwa hiyo alikuja kutunyoa sisi kwa mdomo. Na alikuwepo Dada Breki, dereva wa lori, miaka kumi na minne barabarani bila kugonga hata kuku. Ilikuwa saa nane mchana. Alikuwa ameshika barua, na kahawa yangu hakuigusa.

Mambo yalikuwa hivi. Kila asubuhi, kabla ya kukabidhiwa funguo, dereva anapuliza kwenye kipimo cha pombe pale getini. Asubuhi hiyo Breki alipuliza, mashine ikalia. Akanyang'anywa funguo mbele ya wenzake. Barua ilimtaka asaini kukubali kosa kabla ya saa tisa. Akisaini, atabaki kazini lakini atahamishiwa kuosha malori, usukani asiuguse tena. Asiposaini, afungashe. Na Breki hanywi. Hanywi hata dawa ya kikohozi.

Waziri: Hebu soma tena hapo katikati, mwanangu. Polepole.

Breki: "Kifaa hiki hakikosei zaidi ya mara tano katika mia. Kwa hiyo ni uhakika wa asilimia tisini na tano kwamba mhusika alikuwa amelewa."

Waziri: Basi. Tisini na tano. Nimebeba barua nyingi, sijaona iliyonyooka hivi.

Breki: Sijanywa, mzee.

Waziri: Sijasema umekunywa. Nimesema umekunywa kwa asilimia tisini na tano. Ile tano iliyobaki ndiyo ninayokupendea.

Mkasi: Mzee, huo ni upendo mdogo sana.

Waziri: Mashine haina tumbo, haina shemeji, haina mtu wa kumpendelea. Itadanganya ili ipate nini?

Mkasi: Ngoja. Dada, jana si uligombana na wifi yako kuhusu ile kabati?

Breki: Kabati inaingiaje hapa?

Mkasi: Inaingia. Ulilala na hasira. Hasira ikilala tumboni inachacha. Kikichacha kitu kinakuwa nini? Pombe! Umelewa hasira, dada. Nenda kawaambie.

Breki: Niende nikawaambie nimelewa kabati?

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Na hapa lazima niseme kosa langu, maana sipendi kusimulia habari za watu nikijificha. Nilipoinama kumwekea sukari, nilimnusa. Nilivuta pumzi kidogo tu, karibu na shavu lake, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Tumejuana miaka tisa. Aliniona.

Breki: Hata wewe, mama?

Mimi: Nisamehe.

Breki: Umesikia nini?

Mimi: Sabuni.

Waziri: Sabuni si ushahidi. Mtu anaweza kunywa kisha akaoga. Isitoshe, huenda umekunywa bila kujua. Wapo watu wanatembea usingizini. Kunywa kutawashinda?

Mkasi: Baa gani inafunguliwa usingizini, mzee?

Waziri: Usingizini kila kitu kiko wazi.

Mkasi: Basi mimi nasema mashine yenyewe ndiyo iliyolewa! Fikirieni. Inapulizwa kila asubuhi na walevi wa yadi nzima. Ingekuwa binadamu, ini lingeshaisha. Sasa hivi hata ukiipulizia maji ya kunawa inaimba.

Breki: Nisikilizeni. Niliomba nipulize mara ya pili palepale. Wakakataa. "Utaratibu ni kupuliza mara moja." Nikaomba nipelekwe zahanati nitolewe damu. Wakakataa. Sasa yamepita masaa tisa tangu nipulize alfajiri. Hata kama ningekuwa nimekunywa, damu ingeshasafishika. Siwezi tena kuonyesha kwamba sikunywa. Ndiyo maana nauliza, hiyo tisini na tano wameitoa wapi?

Ndipo akafika Trei na baiskeli yake. Trei anasambaza mayai mtaa mzima. Ni mnene kwa sababu ambayo mtaisikia sasa hivi, na huwa haongei mpaka amemaliza kikombe. Nilimpa kahawa, akanywa amesimama, huku Waziri anamsomea barua kwa sauti ya redio.

Trei: Hiyo tisini na tano si ya dada. Ni ya mashine.

Waziri: Maana yake nini?

Trei: Maana yake wamejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Nisaidieni kushusha trei tatu, na hayo kumi ya mfukoni. Taratibu, Mkasi! Hivyo si vichwa vya wateja wako.

Tulipanga mayai kwenye benchi. Nililazimika kuhamisha vikombe na Waziri akahamishwa pia, akilalamika kwamba hajawahi kupisha yai tangu azaliwe. Yalikuwa mia, hayakupungua hata moja.

Trei: Haya. Kila siku, kabla sijapeleka kwa wateja, namulika kila yai kwa tochi. Lenye kivuli kizito naliweka pembeni. Tochi yangu ni kali, yai viza, lililooza, halipiti. Sijawahi kumpelekea mtu viza.

Mimi: Hilo ni kweli.

Trei: Lakini tochi ina wasiwasi. Yai zima likiwa na ganda nene au doa, nalo linaonekana lina kivuli. Katika mayai mazima mia, kama matano hivi tochi inayasingizia. Mayai viza ya kweli je? Wauzaji wangu ni wasafi, viza ni moja kwa mia. Sasa niambieni. Nikimulika haya mia, nitaweka pembeni mangapi?

Mkasi: Moja viza.

Trei: Na?

Mkasi: Na hayo matano ya kusingiziwa. Sita.

Alichukua sita, akayapanga peke yake ukingoni. Kwenye moja akachora msalaba kwa kipande cha mkaa wa jiko langu.

Trei: Sita. Tochi imeyalilia yote sita, kwa sauti ileile. Viza ni mangapi?

Mkasi: Moja.

Trei: Wanasema tochi inakosea mara tano tu kwa mia. Lakini katika hayo iliyoyakataa, imekosea mangapi?

Mkasi aliyahesabu yale sita kwa kidole, akarudia, kana kwamba mayai yangebadilika akiyaangalia kwa hasira.

Mkasi: Matano. Katika sita. Ah! Hapana bwana.

Trei: Mimi nilikuwa nayatupa. Mwaka mzima natupa. Siku moja mke wangu akaniambia, vunja moja moja kwenye kikombe tuone. Tukavunja. Matano mazima, njano kabisa. Tangu siku hiyo ndiyo kifungua kinywa chetu, na ndiyo maana mnaniona hivi.

Waziri: Yai ni yai na mtu ni mtu. Nani kasema walevi ni mmoja kwa mia? Labda ni hamsini!

Breki: Wamesema wenyewe, mzee. Geuka usome.

Tuligeuka. Ukutani mwa yadi kuna bango kubwa, limekuwepo hapo mwaka mzima na tumeliegemezea baiskeli bila kulisoma: DEREVA MMOJA KATI YA MIA HUFIKA KAZINI AMELEWA. ASIWE WEWE. Ilikuwa namba yao wenyewe, kwa rangi yao wenyewe nyekundu. Nilitamani kulivuka lile geti wakati uleule na birika langu la moto.

Waziri: Bado sijakubali. Hakikosei zaidi ya tano kwa mia. Ni Kiswahili rahisi.

Trei: Mzee, matarishi wote hubeba bahasha?

Waziri: Wote. Asiye na bahasha huyo anatembea tu.

Trei: Ukimwona mtu barabarani ana bahasha, je, ni tarishi?

Waziri: Hapana! Anaweza kuwa mwanafunzi, anaweza kuwa anatafuta kazi, anaweza kuwa ameachwa na mkewe anapeleka talaka. Wabeba bahasha ni wengi mno, sisi matarishi tulikuwa wachache.

Niliona kabisa jambo linamwingia, kama dawa chungu.

Trei: Umejijibu. Kumjua tarishi kisha ukauliza kama ana bahasha, hilo swali moja. Kuiona bahasha kisha ukauliza kama huyu ni tarishi, swali jingine. Kiwandani ilikotengenezwa mashine walimpulizisha mtu wanayejua kwamba hajanywa, wakaona mashine inamlilia mara tano kwa mia. Sawa. Lakini dada hayuko kiwandani. Dada yuko upande wa bahasha. Mashine imeshalia, na swali ni kama amekunywa. Wao wamechukua jibu la kule wakalibandika huku.

Mkasi: Kwa hiyo mashine ni takataka! Nilisema!

Trei: Hujasema hivyo, ulisema ina ini. Na si takataka. Kabla haijalia, dada alikuwa mmoja kati ya mia. Ilipolia, akawa mmoja kati ya sita. Amesogea, na mwenye yadi ana haki ya kumwambia, dada, subiri, usichukue funguo kwanza. Hata mimi yai la kivuli simpelekei mteja. Lakini kati ya mmoja kwa sita na tisini na tano kwa mia kuna safari ndefu, na hao hawakusafiri. Waliruka.

Mimi: Sasa mashine hiyohiyo ikiwekwa mahali pengine?

Trei: Hapo umeuliza, mama. Ipeleke mlangoni mwa baa siku ya mwisho wa mwezi, ikilia iamini, maana humo walevi ni tele. Ipeleke wodi ya watoto wachanga. Ikilia huko, utamkamata nani?

Mkasi: Itategemea na mtoto.

Trei: Kunywa kahawa yako.

Breki alikuwa anayatazama yale mayai sita. Alilinyanyua moja, lisilo na msalaba, akalishika kiganjani.

Breki: Kwa hiyo kama ningepuliza tena?

Trei: Chukulia wangewapulizisha tena wote sita walioliliwa. Aliyelewa, mashine ingemlilia tena. Wale watano wazima, mashine inakosea tano kwa mia, kwa hiyo kwa watu watano ingekosea... robo mtu.

Waziri: Robo gani? Ya juu au ya chini?

Trei: Maana yake, mara nyingi wote watano wangetoka salama. Kupuliza mara ya pili tu, dakika moja.

Mkasi: Aha, lakini kama kilichoiliza ni kitu alicholamba, dawa ya meno au nini, si italia tena vilevile? Tochi hiyohiyo, doa lilelile!

Nilimwangalia Mkasi kwa mshangao. Trei pia alimwangalia. Mkasi mwenyewe alionekana ameshtuka kusema jambo la maana.

Trei: Kweli kabisa. Ndiyo maana mimi simuliki mara mbili kisha nikatupa. Navunja kwenye kikombe. Na kikombe cha dada kilikuwa damu ya asubuhi, wakakataa. Wametupa yai bila kulivunja.

Saa ya getini ilionyesha imebaki robo kufika saa tisa. Mlango mdogo wa geti ukafunguka, akatoka afisa utumishi. Huyu alikuwa mgeni kwetu, binti ana miezi miwili kazini, kitambulisho shingoni na faili jekundu kwapani. Alivuka barabara akatusalimia mmoja mmoja, shikamoo mpaka kwa Mkasi ambaye hakustahili. Kisha akaona benchi zima limejaa mayai, akakosa pa kukaa.

Afisa: Dada, nimekuja kuchukua barua. Samahani. Si mimi niliyeiandika.

Breki: Sisaini.

Afisa: Dada yangu, fikiria. Ukisaini unabaki na kazi. Wenzako kumi na wanane tangu mwaka uanze, wote wamesaini. Barua zao hizi hapa.

Breki: Wamesaini kwa sababu walikuwa peke yao, ndani ya ofisi, na mtu amesimama mlangoni ana funguo zao. Kaa. Mzee, sogea huko. Trei, mwonyeshe.

Trei akamwonyesha. Tochi, mia, sita, msalaba wa mkaa. Safari hii maelezo yalikuwa mafupi, maana Waziri alikuwa anadakia kila sentensi kana kwamba ni yeye aliyegundua. Alimweleza hadi habari za bahasha, akaongeza talaka mbili. Binti alisikiliza bila kukatiza. Aligeuka akalisoma bango, kisha akaisoma tena barua, midomo ikicheza kimyakimya.

Afisa: Lakini mashine si ingekuwa... Hakikosei zaidi ya tano...

Hakumaliza. Alilifungua faili akaanza kuhesabu zile barua kwa kidole gumba.

Mkasi: Kumi na nane, siyo? Katika kila sita, mmoja. Sita, kumi na mbili, kumi na nane. Watatu! Kwa hesabu zao wenyewe, kama watatu tu ndio walikuwa wamekunywa. Kumi na watano wamevuliwa usukani bure!

Alilisema kwa furaha, kama mtu aliyeshinda mchezo. Sauti yake ilipofika kwenye "bure" furaha ilikuwa imeshamtoka.

Afisa aliinua uso. Hakuwa anabishana. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

Afisa: Watatu gani?

Nilimwangalia Trei, ambaye ana jibu la kila yai, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilishika birika nimimine, ili mradi mikono ifanye kazi, likatoa matone mawili na machicha. Kumi na wanane wale tunawajua. Wamekaa kwenye benchi hili. Tuliwapungia mkono asubuhi baada ya asubuhi, na walipoliliwa na mashine tulitikisa vichwa tukasema, pombe jamani, pombe. Mimi nilisema hivyo. Nilisema huku nawapimia sukari.

Breki: Nipe kalamu yako.

Afisa alimpa. Breki aliiweka barua juu ya ubao, mahali palipokuwa na yai, akaandika katikati ya mistari yao kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza madaftari ya safari: SIKUNYWA. SISAINI. ANAYELILIWA NA MASHINE APIMWE TENA, NA DAMU ITOLEWE SIKU HIYOHIYO. KUMI NA WANANE NAO WASIKILIZWE. Chini yake akaandika jina lake lote, mpaka la babu.

Afisa: Watakufukuza.

Breki: Wanifukuze. Mimi siwezi kuonyesha kwamba sikunywa, na wao hawawezi kuonyesha kwamba nilikunywa. Kama hatujui wote, kwa nini saini iwe yangu peke yangu?

Afisa: Nitaipeleka kama ilivyo.

Breki: Na bango lao ulipige picha.

Binti alilipiga picha bango. Breki hakungoja binti arudi ndani. Alivuka barabara kwa hatua za haraka, akalipita geti bila kuingia, akafuata uzio wa waya hadi upande wa pili, ambako mwanamume mmoja aliyevaa magwanda yaliyolowa alikuwa anasugua tairi za lori ambalo zamani aliliendesha yeye. Sote tulisimama tukamfuata. Mkasi aliangusha yai akalikanyaga, hakuna aliyemsema.

Breki: Kaka! Wewe! Siku ile mashine ilipokulilia, ulikuwa umekunywa?

Yule mwanamume alifunga bomba kwanza. Akajifuta mikono pajani, akaukaribia uzio, akapitisha vidole kwenye matundu ya waya.

— Tangu mwezi wa pili, akasema, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.